Matusi ya Msibani

Mwalimu Sixtus Kondo hakuweza kufundisha akiwa ameketi. Katika shule ya kati iliyokuwa juu ya kilima, nje kidogo ya Kisarawe, alikuwa na kiti chake kama walimu wengine, lakini aliyekikalia ni vumbi. Yeye alitembea. Kutoka ubaoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, chaki mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa na asiyejua ataitwa na nani. Wanafunzi wa darasa la nane walimpa jina la Pia, kwa jinsi alivyozunguka. Alilijua jina hilo na hakuwahi kumchapa mtu kwa ajili yake.

Alifundisha Kiingereza. Miaka ile ya mwanzo wa hamsini, mtoto wa Kizaramo aliyefika darasa la nane alikuwa amekwisha kupita katika tundu la sindano, na tundu lililobaki mbele yake lilikuwa Kiingereza. Sixtus alilijua tundu hilo vizuri, maana alipita humo mwenyewe. Alichukuliwa kwao Janga akiwa mdogo, akalelewa katika bweni la misheni, akabatizwa, akapewa jina jipya, akafundishwa kulala na kuamka kwa kengele. Nyumbani walimwita Mfaume. Alirudi likizo tu, na kila aliporudi alijiona amekuja mahali ambapo mazungumzo yalianza zamani kabla hajaingia.

Upatanisho wa mtenda na kitenzi aliufundisha kwa kofia. Alimsimamisha mwanafunzi mmoja mbele ya darasa awe mtenda, na mwingine kando yake awe kitenzi, na huyo kitenzi akavishwa kofia ya kiua ya Mwalimu Mkuu, ambayo Sixtus aliiazima asubuhi kwa heshima nyingi.

"Mtenda ni wangapi?"

"Mmoja, Mwalimu!"

"Kwa hiyo kitenzi?"

"Kinavaa herufi es!"

"Haya, njoo wewe, na wewe, simameni na mtenda. Sasa?"

"Avue kofia! Avue!"

Kijana wa kitenzi akavua kofia haraka, darasa likacheka. Abeid, kijana mrefu kutoka Mlandizi aliyekaa dawati la nyuma, aliinua mkono.

"Mwalimu, haki iko wapi hapo? Mtu mmoja anapewa kofia, watu wengi wananyimwa?"

"Ukifika Ulaya kawaulize wenyewe. Hapa Kisarawe wewe vua tu."

Walipokosea, walikosea mahali pale pale. Akiwaambia waandike kwamba kapu la maembe lipo mlangoni, nusu ya darasa ilikipa kitenzi umbo la wengi, kwa sababu ya maembe. Hapo Sixtus alisahau kutembea. Alisimama katikati ya chumba na macho yake yakang'aa.

"Kapu langu kubwa lililojaa maembe limeanguka," alisema polepole. "Sikilizeni. Langu, lililojaa, limeanguka. Kila neno linaitikia kapu. Nani kati yenu, hata akiwa usingizini, anaweza kusema kapu la maembe yameanguka? Hakuna. Basi mnalijua jambo hili tangu mgongoni kwa mama zenu. Msiyatazame maembe kwa kuwa yako karibu. Mtafuteni mwenye sentensi."

Hilo alilifundisha vizuri, na alijua kwamba alilifundisha vizuri. Kilichomnyima raha ni jambo jingine, lililokuja baada ya mapumziko, wakati wa kusoma hadithi. Mtihani wa kumaliza darasa la nane ulikuwa umeanza kuuliza sauti iliyo nyuma ya maneno: je, huyu anayesema anasikitika, anadhihaki, anachukia? Wanafunzi wake walisoma kila kitu kwa sauti moja, sauti ya kusali. Mtu akifiwa katika hadithi, sauti ile. Mtu akioa, sauti ile ile.

Siku moja walisoma hadithi fupi ya kijiji cha Uingereza. Mzee msaga nafaka anahama, anakwenda kufia kwa binti yake mbali. Jirani yake wa siku nyingi anasimama getini na kumwambia: nenda basi, mwizi wewe mzee, afadhali sasa kijiji kitalala kwa amani. Kisha anaingia ndani na kufunga mlango.

"Huyu jirani anasema kwa sauti gani?" aliuliza Sixtus.

Abeid akasema, "Analia, Mwalimu."

"Umeliona wapi chozi? Nionyeshe mstari."

"Chozi halijaandikwa. Lakini hawa si ni watani?"

Darasa zima likaunga mkono. Ndiyo, watani hawa, Mwalimu, mtu hamwiti mwenziwe mwizi hivyo hivyo wakati wa kuagana.

Sixtus alihisi joto likimpanda shingoni. "Waingereza hawana watani," alisema. "Msiingize mambo ya Uzaramoni katika kitabu cha watu. Mwizi ni mwizi. Kufunga mlango ni kufunga mlango. Hii ni chuki." Akaliandika neno hilo ubaoni, akalipigia mstari, na chaki ikakatika.

Wanafunzi waliandika chuki katika madaftari yao, maana Mwalimu amesema. Lakini walimtazama kwa namna ambayo hakuipenda, namna watu wanavyomtazama mgeni anayewaeleza habari za nyumbani kwao. Alitembea hadi dirishani, akarudi, akaenda tena. Hakujua kwa nini amekasirika. Utani aliujua kwa jina, kama mtu anavyoijua njia aliyoonyeshwa kwa kidole. Alijua kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwamba wanaweza kutukanana na kunyang'anyana vitu bila kugombana. Lakini bwenini hapakuwa na utani. Palikuwa na kengele.

Haukupita muda mrefu, akaja mtu wa reli kumwambia kwamba Mzee Abdala Kondo wa Janga, baba yake, hali yake si nzuri.

Alipanda treni Pugu, akashuka Ruvu, akaenda kwa miguu hadi Janga. Alipofika, baba yake hakuwa na kauli tena. Alikuwa amegeuzwa kuelekea kibla, kifua kikipanda na kushuka kidogo kidogo. Sixtus akaketi karibu na kitanda, akainuka, akaketi tena. Kulipopambazuka Mzee Abdala akakata roho, na mwanawe hakuwa amepata neno la kumwambia zaidi ya shikamoo.

Asubuhi nyumba ikajaa. Wanawake walikuwa ndani, wanaume nje wamekaa juu ya mikeka, vijana wamekwenda kuchimba kaburi. Baba yake mdogo, Mzee Matano, aliyesimamia shughuli, alisema mazishi yatakuwa baada ya sala ya alasiri. Watu walimsalimu Sixtus kwa sauti za chini na kumpa pole. Mkristo peke yake katika msiba wa baba yake, hakujua asimame wapi wala mikono aiweke wapi.

Ndipo akatokea mzee mmoja njiani, amejifunga kanga ya kike kiunoni, amejipaka majivu usoni, anapiga debe kwa kijiti.

"Kafa! Abdala kafa!" alipiga kelele. "Afadhali! Nani ataiba mihogo yangu sasa? Mlafi mkubwa! Shughuli zote za Ruvu na Gwata alikuwa wa kwanza kwenye sinia, leo sinia lake udongo! Haya, ule ushibe!"

Huyo alikuwa Hemedi, Mnyamwezi aliyekuja na reli ujana wake, akafanya kazi katika mashamba ya katani, akabaki. Sixtus alikuwa akimwona tangu utotoni, kwa mbali, kila likizo. Hemedi alipanda barazani palipokuwa na jeneza, akalala chali mbele yake, mikono ameitandaza.

"Hatoki mtu hapa! Maiti huyu wangu. Mpaka nipewe jogoo, tena mwekundu. Na ninyi wanawake mnaolia humo ndani, nyamazeni, mnamlilia mtu aliyekuwa akikoroma kama treni ya mizigo!"

Ndani kilio kikakatika, na kikaanza kitu kingine, kicheko chenye machozi. Sixtus hakukisikia. Alisikia mlafi. Alisikia udongo. Alivuka mikeka ya watu, akamkamata Hemedi ukosi wa shati, akamvuta na kumsukuma, na mzee yule akaanguka kutoka barazani hadi vumbini, na debe lake likabingirika.

"Toka! Huna haya! Baba yangu hajazikwa unamtukana?"

Hemedi akainuka taratibu. Akaifungua ile kanga kiunoni, akaikunja vizuri, akaiweka ukingoni mwa baraza.

"Samahani sana, Mwalimu," alisema. "Poleni na msiba."

Akaondoka. Na watu wote pale, waliokuwa wakicheka wakati anatukana, wakainamisha vichwa kwa sababu ameomba samahani.

Mama yake Sixtus, Bi Mwanakheri, alimwita ndani. Alikuwa ameketi sakafuni kwenye kona ya mjane, ushungi umeshuka hadi machoni.

"Mfaume, umefanya nini?"

"Mama, alimtukana Baba mbele ya watu."

"Ndiyo. Ulitaka amsifu? Wa kumsifu wamejaa hapo nje, hata ambao walikuwa hawamwitikii salamu." Akapangusa uso. "Wewe unajua huyu na baba yako walianza lini? Hujui. Mwaka wa njaa, Hemedi alikuja hapa na unga kichwani, akaumwaga mlangoni, akasema kula mbwa wewe, usije ukafa nikakosa wa kumtukana. Baba yako alicheka siku ile mpaka akalia. Nenda kamrudishe."

"Nikamwambie nini?"

"Mimi sikusoma, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma. Lakini baba yako hatatoka humu akiwa mkavu hivi, bila mtani wake, kama mgeni aliyeokotwa njiani. Asipokuja Hemedi, na Wanyamwezi wenzake hawatakuja tena mlango huu, si kwangu nitakapokufa, si kwako."

Nje, Mzee Matano alimshika mkono. "Alasiri tunasali, Mfaume. Tukisali tunatoka, awepo asiwepo. Maiti hachelewi kwa ajili ya ugomvi. Nenda upesi."

Alikwenda karibu mbio. Njia ya kwa Hemedi, kuelekea mtoni, ilipita kando ya shamba la katani, mistari kwa mistari hadi jicho linapochoka, na jua lilikuwa utosini. Alipanga maneno. Alikuwa mtu wa maneno, hii ndiyo kazi yake. Akayapanga, akayapangua, akachagua yale ya heshima zaidi. Alipofika, alikuwa na maombi ya radhi yaliyokamilika, hata padri angeyakubali.

Hemedi alikuwa ameketi mlangoni kwake, uso ameuosha majivu. Mkewe, Bi Mwamini, alikuwa kando akimenya mihogo.

"Shikamoo, Mzee Hemedi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kigoda. Mwamini, mpe Mwalimu maji ya kunywa."

Sixtus akaketi. Akasema yote aliyoyapanga: kwamba amekosa, kwamba uchungu ulimpofusha, kwamba anaomba radhi mbele ya Mungu na mbele ya mzee wake. Hemedi alisikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema. "Wala hukukosa. Nenda ukamzike mzee wako. Mungu amweke pema."

Maneno yote yalikuwa mazuri. Ukiyaandika ubaoni, ukawauliza darasa zima, wangekwambia huyu ni mtu mpole, amesamehe. Lakini Sixtus aliisikia ile sauti, laini, ya chini, isiyo na mahali pa kushika. Hakuwahi kufungiwa mlango kwa adabu namna ile.

Aliinuka, akatoka hadi penye ua wa makuti, akarudi, akatoka tena. Bi Mwamini alimtazama akienda na kurudi, kisu mkononi.

"Wewe mtoto utachimba handaki hapo," alisema. "Umemwomba radhi mtani?"

"Ndiyo, mama. Na amenisamehe."

"Ndipo ulipomaliza kabisa. Kumsukuma kungepita. Watu husukumana. Lakini umekuja kumwomba radhi kama mtu baki! Mtani haombwi radhi. Anatukanwa."

"Nimtukane? Mtu mzima kama yule? Baada ya kumwangusha?"

"Basi rudi kwenu, msiba unakungoja."

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeanza kurefuka. Sixtus alirudi mlangoni akasimama mbele ya Hemedi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumtukana mtu aliyempita umri.

"Mzee Hemedi," alisema, "wewe ni mtu mwenye tabia isiyoridhisha."

Nyuma yake Bi Mwamini alipaliwa na kicheko. "Hilo tusi, au unamjazia cheti cha shule?"

Hemedi hakucheka. Alitazama mbali, kule kwenye katani. Lakini hakusema asante, Mwalimu. Sixtus aliliona hilo, akashikilia hapo. Akaacha kuchagua maneno. Alimwona baba yake chini ya ile shuka nyeupe, mwembamba kuliko alivyomkumbuka, na mlango mkavu, na watu wameinamisha vichwa, na hasira ikampanda, lakini safari hii ilikuwa na mwenyewe.

"Mnyamwezi wewe!" alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Shingo yako imeingia tumboni kwa kubeba mizigo ya wazungu toka Tabora, na leo kumbeba mzee mmoja mwembamba wa Kizaramo kumekushinda? Umekaa mlangoni kama bibi harusi unangoja kubembelezwa! Maiti anakungoja wewe, zee la hovyo, na jua halikungoji! Ulimpa unga usije ukakosa wa kumtukana. Kumbe hata hilo huliwezi?"

Alisimama anahema.

Hemedi akageuza uso, akamtazama.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Inasikika. Sauti bado ya darasani." Akajisukuma kwa mikono, akainuka, goti moja halafu la pili. "Mwamini, kanga yangu nyingine iko wapi? Twende, mtoto wa mlafi. Tembea mbele yangu nikuone, nisije nikasukumwa tena."

Walifika watu wakiwa wanapanga safu za sala. Mzee Matano aliwaona, akageukia upande mwingine kuficha uso. Bi Mwanakheri, aliposikia debe linapigwa nje, alilia kwa sauti mara ya kwanza tangu alfajiri.

Makaburini Hemedi aliruka ndani ya shimo kabla maiti hajateremshwa, akalala humo kwa urefu. Akadai jogoo wake, akapewa, akadai na mwingine, akazomewa. Watu walicheka, wengine wamefunika vinywa kwa kanzu. "Mna joto humu!" alipiga kelele. "Pazuri mno kwa mtu mvivu! Abdala, nakuonea wivu, utalala bila kupigiwa kelele na mkeo!" Kisha akaendelea kumtukana, tusi juu ya tusi, na kila tusi lilisemwa kwa sauti ya chini kuliko lililotangulia, mpaka mwisho walioyasikia ni wale waliosimama ukingoni tu. Sixtus alikuwa ukingoni. Midomo ya Hemedi ilikuwa ikisema mbwa wewe, mbwa wewe, na hapakuwa na mtu aliyecheka tena.

Ndugu wawili wakamsaidia kuinuka, akabaki mle mle kumpokea mwenziwe kwa mikono yake. Sixtus alivua viatu, akaviweka kando, akapokea jembe, akafukia pamoja na wengine mpaka vumbi likamfika kifuani.

Walipomaliza, viatu havikuwapo.

"Usivitafute," alisema Mzee Matano.

"Baba mdogo, ni viatu vya kufundishia. Sina vingine."

"Ameondoka navyo Hemedi. Kavifunga kamba, kavining'iniza shingoni."

"Lakini miguu yake mikubwa, havimwingii!"

"Ndiyo maana kavivaa shingoni. Na huvidai. Utavikomboa siku atakayotaka yeye, kwa kitu atakachotaka yeye. Huenda ukaja hapa mara nyingi kabla hajataka."

Sixtus alikaa nyumbani hadi matanga yakaanuliwa, kisha akaenda Ruvu kupanda treni. Mchanga ulikuwa wa moto, akawa anaruka kutoka kivuli hadi kivuli, amevaa suruali iliyopigwa pasi na shati jeupe, na miguu mitupu. Stesheni hakuweza kuketi. Alitembea kutoka mwisho mmoja wa jukwaa hadi mwingine, akifikiri darasa la nane na namna atakavyoingia mbele yao, na hakujua ataanza na neno gani.

Mama mmoja muuza karanga, aliyezoea kumwona akipita kila likizo, alimfuata kwa macho, akienda, akirudi.

"Mwalimu," alimwita, "viatu viko wapi?"

"Vimechukuliwa," alisema Sixtus. "Na jambazi moja la Kinyamwezi, chakavu, halina meno wala aibu."

Mama yule aliweka chini kikombe chake cha kupimia. Hakumuuliza ni jambazi gani, wala kama amepeleka habari polisi.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Mmemzika nani?"